Safu ya Tatu ni ya Mama Mkwe

Niliponunua gari la safu tatu, watu wa Ruiru walinielewa vibaya, na sikujisumbua kuwaelewesha. Kiwandani Thika, nilikokuwa fundi wa mashine za kufuma, wenzangu walisema nimeanza kujifanya mkubwa. Jirani alidai naficha mpango wa kuanzisha matatu. Mchungaji wetu alinipongeza mbele ya waumini kwa kuifikiria kwaya. Hakuna hata mmoja aliyekisia ukweli, kwamba mwanamume mzima, mwenye akili timamu na watoto wanne, alikuwa amenunua gari refu kama ghala ili mama mkwe wake apate kukaa mbali naye.

Kwetu Wakikuyu kuna kitu kinaitwa thoni. Ukisema ni aibu utakuwa umekosea kidogo, na ukisema ni heshima utakuwa umekosea kidogo vilevile. Mama wa mke wako humtazami usoni. Humpi mkono. Hamketi kiti kimoja, na ukiwa na neno la kumwambia unampa mtu mwingine amfikishie, hata kama mama mwenyewe yuko hatua tatu kutoka hapo na masikio yake ni mazima. Miaka ile ya tisini vijana walikuwa wameanza kuyacheka mambo haya, na wapo waliowasalimu wakwe zao kwa "sasa" kama wanamsalimu utingo. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuchezewa hivyo. Na mimi, kusema kweli, nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Alikaa peke yake kwenye shamba lake dogo la kahawa, nyuma ya Ruiru, na alikuwa amelilea shamba hilo tangu alipofiwa na mumewe. Kisha macho yakaanza kumwingia ukungu. Mtoto wa jicho, wakasema. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabla hatujajua, maana hakumwambia mtu. La kulia lilibaki na mwanga wa kumwonyesha mlango uko wapi. Daktari wa macho alikuja hospitali moja ya Thika siku moja kila mwezi, na mke wangu alimwandikisha mama yake akapimwe.

Wakati huo nilikuwa na gari dogo la milango miwili. Asubuhi ya kwanza nilifika shambani, nikasimama pembeni nikitazama kahawa kama inavyotakiwa, na mke wangu akamshika mama yake mkono hadi garini. Mama akapapasa kiti cha nyuma. Akapapasa kiti changu. Akapima kwa kiganja nafasi iliyokuwa katikati, na ilikuwa nafasi ya magoti tu, magoti yake mgongoni mwangu.

"Mwambie mumeo nimeshukuru," akamwambia binti yake. "Mimi nitapanda basi."

Mke wangu alibembeleza. Mimi nilizidi kutazama kahawa. Mama akapanda basi kweli, akakataa hata kusindikizwa, na sisi tukafuata nyuma na gari letu tupu kama watu wa kusindikiza maiti. Pale Thika, wakati wa kushuka, mguu wake ulitafuta ngazi ya mwisho na haukuipata. Alianguka chini kama gunia. Mkono ulivunjika, na siku ile ya macho ikaishia kwenye plasta.

Sikuwahi kujichukia kama siku ile. Nilikuwa nimekaa nyuma ya usukani, mita kumi kutoka hapo, nikimwona mama wa mke wangu akianguka, na hata kumwinua sikuweza kwa sababu mikono yangu ilikuwa ya mkwe. Waliomwinua, kabla mke wangu hajamfikia, walikuwa watu wa stendi. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba mama yake atafika kwa daktari huyo, na atafika ndani ya gari langu, na hakuna thoni itakayovunjwa. Akaniuliza nitafanyaje. Nikamwambia sijui bado, lakini penye nia pana njia.

Njia yenyewe niliiona wiki hiyo hiyo barabarani, ikinipita kwa kishindo: gari la juu, la dizeli, lenye kiti cha dereva mbele, benchi pana katikati, na huko nyuma kabisa viti viwili vidogo vya kutazamana, vyenye mlango wao wenyewe. Nilimfuata mwenye gari hadi alikosimama. Sikumwuliza mambo ya injini wala ya mafuta. Niliomba ruhusa nikaketi nyuma, nikanyoosha mkono mbele, na mkono haukugusa hata benchi ya katikati. Mwenye gari alinitazama kwa wasiwasi. Nikamwambia ahsante, hilo ndilo nililotaka kujua.

La kwangu nililipata kwa shida, likiwa limetumika, limetoka Japani na kukaa kidogo Mombasa. Siku ya kwanza kulileta nyumbani niligonga nguzo ya lango langu mwenyewe mbele ya majirani wote. Gari kubwa si gari dogo lililonenepa. Linataka ukate kona mapema, linataka subira asubuhi mpaka taa ndogo ya dizeli izime ndipo uliwashe, na ukifunga breki dakika ya mwisho utaomba msamaha kwa watu wengi. Mke wangu aliniambia nimenunua nyumba yenye magurudumu. Maji nilikuwa nimeyavulia nguo, kwa hiyo niliyaoga. Kila jioni baada ya kazi nililizungusha kwenye vumbi la uwanja wa shule mpaka mikono ikalizoea.

Kisha nikalitengeneza. Gari la juu na mama mzee asiyeona haviendani, na mimi siwezi kumshika mkono. Nilichukua vyuma kiwandani kwa ruhusa ya msimamizi, nikachomelea ngazi mbili pana chini ya mlango wa nyuma, na kando yake mpini wa kushikia, urefu wa kiuno chake. Kipimo cha kiuno alikichukua mke wangu kwa uzi wa kufumia. Ndani ya mlango nilifunga kamba, ili mama akishaketi auvute mwenyewe. Mke wangu alifuma kitambaa cheupe cha kutandika kitini. Watoto walikatazwa kukikalia kiti hicho hata siku za kanisa, na wao, wasioheshimu kitu, hicho walikiheshimu.

Kilibaki kioo kidogo cha katikati, kile cha kutazamia nyuma. Nilipoketi kujaribu niliona kimejaa safu ya tatu yote. Macho hayana pazia. Nikakigeuza kikatazama dari, na kwa muda wa miezi nikaendesha kwa vioo vya pembeni peke yake. Niliona kwamba nimefanya jambo la adabu sana.

Mama alipoletewa gari alilipapasa lote. Akapanda ngazi, akashika mpini, akaketi, akanyoosha mkono mbele kama nilivyofanya mimi kwa yule mtu barabarani. Mkono ukaelea hewani. Akavuta kamba, mlango ukajifunga kwa kishindo.

"Mwambie tunaweza kwenda," akasema.

"Anasema tunaweza kwenda," mke wangu akaniambia kutoka katikati.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Tulisafiri hivyo mwezi baada ya mwezi, kumpima, kumtibu sukari kidogo iliyoonekana, kungoja mkono uunge vizuri, kungoja foleni ya upasuaji. Mazungumzo yetu yote yalipita kwa mke wangu kama barua zinazopita posta. Akichoka alifupisha. Siku moja mama alieleza kwa kirefu jinsi ninavyoingia kwenye mashimo bila kuyaonea huruma, na mke wangu akaniambia tu, "Mashimo."

Taratibu za kupanda na kushuka zilikuwa hivi: mimi nashuka, naenda mbele ya boneti, natazama magurudumu au mawingu. Nikisikia kishindo cha mlango, najua ameshaketi. Nahesabu kumi, naingia, naondoka. Sikugeuka hata mara moja. Nilijivunia jambo hilo.

Siku ya upasuaji ikafika. Daktari alikuwa amewaambia wagonjwa wake waziwazi kwamba hiyo ndiyo siku yake ya mwisho Thika, amehamishwa, na hajui kama ataletwa mwingine. Majina yangefungwa saa nne asubuhi. Jicho la kulia la mama lilikuwa limebaki na mwanga wa mshumaa. Na siku hiyo hiyo mke wangu, ambaye ni mwalimu, alipangiwa kusimamia mtihani, na mwalimu mkuu hakutaka kusikia habari za macho ya mtu.

"Mtaongeaje?" mke wangu akaniuliza.

"Hatutaongea," nikamwambia. "Nitamfikisha."

Tulitoka shambani mapema. Ruiru nikaingia kituo cha mafuta kuongeza dizeli, maana sikutaka sababu yoyote ya kusimama njiani. Nikasikia kikohozi mara mbili huko nyuma, kisha mlango ukafunguka. Nilielewa kuwa mama anataka msalani. Nikamwomba mwanamke aliyeuza chai hapo ampeleke, nami nikaenda mbele ya boneti na kutazama gurudumu la kushoto. Nililitazama vizuri sana gurudumu lile. Kisha nikasikia kishindo cha mlango. Nikahesabu kumi. Nikaingia, nikaondoka.

Barabarani nilianza kuona ukimya ule ni mzito. Tulikuwa hatujawahi kuwa sisi wawili tu. Nikawaza kwamba mama wa watu anaenda kupasuliwa jicho la pekee lililobaki, ana hofu, na dereva wake amenyamaza kama jiwe. Nikaamua kuongea na barabara. Kuongea na barabara si kosa, na mtu akisikia kwa bahati, ni bahati yake.

Kwa hiyo nikaiambia barabara kwamba daktari huyu ana mkono mwepesi, watu wanasema. Nikaiambia kwamba siku nilipokuja na wajomba zangu kuposa, viatu nilivyovaa vilikuwa vya kuazima na vilinibana mpaka sikusikia nusu ya yaliyosemwa. Nilifika karibu na Juja nikawa nimeanza kusema nisiyopanga. Nikaiambia barabara habari za mtoto wetu wa pili, aliyezaliwa na kuishi siku mbili. Nikasema kwamba mama mmoja alikuja nyumbani kwetu wakati ule, na kwa sababu ya thoni hakukubali kulala ndani karibu na chumba cha mkwe, akalala jikoni juu ya magunia wiki tatu, akimwogesha binti yake na kumlisha kwa kijiko. Asubuhi nilikuwa nikikuta chai yangu mezani na sikuwahi kumwona aliyeipika. Nikasema kwamba sikuwahi kumshukuru, kwa sababu ningemshukuru kupitia kwa nani, wakati aliyekuwa akitupelekea maneno ndiye aliyekuwa anaumwa? Nikasema ahsante. Nilisema mara mbili, na machozi yakanilengalenga, nikamshukuru Mungu kwamba kioo kinatazama dari.

Nyuma palikuwa kimya. Nikaona ni kimya cha heshima, nikakipenda.

Tulifika, au nilidhani tulifika, saa tatu na robo. Nikashuka, nikasimama mbele ya boneti nikitazama maua ya hospitali. Nikangoja mlango ufunguke. Nikawaza anajipanga, anafunga kitambaa chake, anasali. Nikayahesabu maua. Askari wa lango akanikaribia polepole, kama anayemkaribia mgonjwa aliyetoroka wodini.

"Mzee, sasa unangoja nani?"

"Mama mkwe anashuka."

Akaenda nyuma, akachungulia, akarudi. "Hii gari haina mtu."

Nilikimbia nikafungua mlango. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa vizuri, bila kunjo. Hakuna mtu aliyekikalia tangu Ruiru. Baadaye nilijua kwamba kijana wa mafuta aliona mlango umebaki wazi, akanifungia kwa wema wake. Yeye sina la kumlaumu. Mimi ndiye niliyemwacha mwanamke kipofu kando ya barabara kuu, siku ya mwisho ya daktari, kwa sababu ya kuona haya kugeuza shingo.

Nilirudi Ruiru nikiwa na hasira ya kutosha kulisukuma gari bila dizeli. Sikufikiria tena majina yamefungwa au hayajafungwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia kwa sauti, na safari hii nililiambia gari tupu nikijua ni tupu.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya chai, mgongo umenyooka, mkoba magotini, uso umeelekezwa Thika. Yule muuza chai alinijia juu.

"Mzee, wewe ni mtu wa aina gani? Tumetaka kumweka kwa matatu, shosho akakataa kabisa. Anasema atarudi, atarudi. Nikamwambia, na asiporudi? Akasema ni yeye amemwoza msichana wake, anajua alimpatia nani."

Niliposikia hivyo nilisimama mbele ya boneti kwa mazoea, nikatazama chini. Mama akaniuliza, kwa Kikuyu, na kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya viazi:

"Umefika mpaka wapi?"

Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Hakuwepo. Swali lilikuwa langu. Kwa miaka kumi na nne mama huyo hakuwahi kuniambia neno moja bila mtu katikati.

"Mpaka hospitalini, mama," nikajibu.

"Ukaona nini?"

"Kiti."

Akainuka, akaongozwa na muuza chai hadi nyuma ya gari, akashika mpini, akapanda ngazi zake mbili, akaketi. Lakini hakuvuta kamba.

"Kile kioo ulichokigeuza," akasema, "binti yangu aliniambia. Mimi sioni. Wewe unaona. Kirudishe mahali pake, unitazame mpaka tufike. Thoni itangoja hapa kwa mama wa chai, tutaichukua jioni."

Ndipo akavuta kamba. Nikarudisha kioo, na ndani yake alikuwepo, na mashavu yaliyobonyea zaidi ya nilivyodhani.

Tulipokuwa tumeshika barabara nikamwambia nilikuwa nimemweleza mambo mengi safari ya kwanza, nikidhani yupo.

"Mambo gani?"

"Yamekwisha, mama."

"Yamekwisha vipi, na mimi sijayasikia? Yaseme tena."

Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana sasa kulikuwa na mtu. Viatu vya kuazima vilimchekesha mpaka akajifunika mdomo. Nilipofika jikoni na magunia nilitamani kuishia hapo, nikapunguza mwendo, lori likanipigia honi. Nilisema nikimtazama kwenye kioo. Nilisema ahsante. Alitikisa kichwa, akatafuta leso.

"Chai ulikuwa unaimaliza," akasema. "Nilikuwa naangalia kikombe. Nilijua."

Saa nne na robo muuguzi mlangoni alikuwa ameshaweka kalamu mfukoni. "Listi imefungwa, mzee. Daktari haongezi mtu hata mmoja." Nikamwambia sitoki mlangoni. Nikamwambia anaweza kuita askari, tunajuana naye tayari. Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti mama aliponipita kwa kufuata ukuta, akasimama mbele ya muuguzi, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani:

"Usimgombeze. Huyu mtoto wangu amenileta mala mbili leo. Mala ya kwanza alinisahau."

Nyuma ya pazia mtu alicheka kwa sauti. Alikuwa daktari, kinyago kimeshushwa kidevuni. "Mara mbili?" akauliza. "Basi muweke wa mwisho. Aliyeletwa mara mbili hatutamrudisha."

Nilikaa kwenye benchi la ukumbi mpaka mchana ukaisha, na nilisali kuliko nilivyowahi kusali kanisani.

Bandeji waliifungua siku iliyofuata. Mke wangu alikuwepo, mtihani ulikuwa umekwisha. Wakati wa kurudi aliketi katikati ya gari, mahali pake. Mama alipanda ngazi bila kupapasa, akakiinamia kitambaa cheupe kidogo kuzitazama nyuzi zake, akaketi. Kioo kilikuwa kimebaki jinsi tulivyokiacha. Nilitaka kukigeuza kwa ajili ya adabu, mkono ukakataa.

Alikuwa akitazama nje, kila kitu, mabango, ng'ombe, mananasi, akivitaja kimoja kimoja kwa sauti ya chini. Halafu akageuza uso kuelekea mbele na jicho lake jipya likakutana na langu kwenye kioo. Mara ya mwisho kuniona vizuri nilikuwa kijana wa viatu vya kuazima.

"Haiya," akasema. "Kumbe una mvi."

Mke wangu, kwa mazoea ya miaka kumi na nne, alinigeukia afungue mdomo anifikishie.

"Nimesikia, mama," nikasema. "Umechelewa kuziona."

Mke wangu akafunga mdomo. Akatazama mbele, akatazama nyuma, kisha akaegemea dirisha akalala mpaka Ruiru, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimhitaji.